Simu Isiyo na Mlango

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimepiga magoti mbele ya pipa la mbege nyumbani kwa wakwe zangu, mkono umezama hadi kwapani, naisaka simu yangu. Wasomaji wengine wameuliza kama niliipata. Niliipata. Ilikuwa chini kabisa kwenye machicha, na ilikuwa imeshalewa kuliko mtu yeyote pale nyumbani.

Mbege haikumwagwa. Wazee walisema pombe ya uchumba haimwagwi kwa ajili ya kidude cha plastiki, wakaendelea kuchota. Hasara ikabaki kwangu.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Leonce, fundi makochi. Kibanda changu kiko Majengo, Moshi mjini, lakini kwetu ni huku juu, upande wa Vunjo. Nimemchumbia Lukresia, mwalimu anayefundisha Sanya Juu, binti wa Mzee Primus. Huyu Mzee Primus ni mwenyekiti wa walei parokiani kwetu. Hilo mlishike, maana ndilo lililonitoa jasho.

Matangazo ya ndoa yetu yalikuwa yameshasomwa Jumapili mbili. Ilibaki moja tu. Mtu mwenye akili angetulia wiki hiyo, ale mtori, alale mapema. Mimi nikaenda kununua simu.

"Kaka, chukua hii ya Upesi," alisema Given, kijana anayeuza simu mezani karibu na kibanda changu. "Bei chee. Usiku unaongea bure mpaka kunakucha."

"Na laini yangu ya Fahari je? Itaingia?"

"Kaka, simu ni simu."

Nikalipa. Nilipofika chumbani nikafungua mgongo wa simu ili niweke ile laini niliyoiokoa kwenye mbege. Nikaona betri. Chini ya betri nikaona karatasi yenye namba. Pa kuweka laini sikupaona. Nikaigeuza, nikaitikisa, nikaichungulia kila tundu, kisha nikarudi kwa Given mbio.

"Mlango wa laini uko wapi?"

"Hii haina mlango, bro. Hii ni teknolojia nyingine. Laini imezaliwa nayo humo humo ndani. Haitoki, na nyingine haiingii. Hiyo ni Upesi mpaka kufa."

"Si ulisema simu ni simu?"

"Kwani hiyo siyo simu?"

Nikamwambia anirudishie hela yangu. Akanyooshea kidole kibao kilichokuwa nyuma yake, kimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mali ikishauzwa hairudi. Kibao kile nilikitengeneza mimi mwenyewe kwa ubao wa kochi bovu.

Msomaji wa Dar atasema, sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba hujui kwetu.

Kwetu kuna korongo. Upande huu ni Wakatoliki, upande ule ni Walutheri. Ndivyo wamisionari walivyotugawana enzi za Mjerumani, na hakuna aliyewahi kutuuliza tunaonaje. Kuoana tunaoana kwa shida, ila kuzikana tunazikana vizuri.

Halafu likaja soko huria. Fahari walipotafuta pa kusimika mnara, parokia yetu ikawapa kiwanja nyuma ya kanisa. Haukupita muda, usharika wa ng'ambo nao ukawapa Upesi kiwanja nyuma ya kanisa lao. Mawimbi ya Fahari yakawa hayavuki korongo, na ya Upesi hayavuki vilevile. Kampuni zilisema ni mgongo wa mlima unaoziba. Sisi tulijua ni mpango wa Mungu.

Tangu hapo namba ya simu ikawa cheti cha ubatizo. Ukitaja tarakimu tatu za mwanzo, watu wameshajua unasali wapi. Mama Zita, aliyeolewa huku akitokea kule, anatembea na simu mbili kifuani, moja ya kwao na moja ya kwa mumewe. Zamani tulikuwa na simu moja tu ya kuzungusha, kwenye ofisi ya chama cha kahawa. Haikuwahi kufanya kazi hata siku moja, na tulielewana wote.

Basi Jumatatu nikapanda kwenda kijijini na Upesi yangu mfukoni.

Mzee Primus nilimkuta amesimama chini ya mnara wa parokia, mikono nyuma, anatazama juu. Mafundi walikuwa wananing'inia kule kileleni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona nikikupigia hupatikani?"

"Simu iko kwa fundi, mzee." Huo ulikuwa uongo wa kwanza, mdogo tu. "Wale wanafanya nini kule juu?"

"Wanapaka rangi," alijibu haraka. "Mnara ukishika kutu, parokia inadharaulika."

Sikuona kopo la rangi. Niliona wanafunga vitu vyeupe vya mviringo mfano wa ngoma. Lakini mkwe mtarajiwa haulizi mara mbili, nikaaga.

Jioni nikamkumbuka Lukresia wangu. Nikashika simu: haina hata kijistari kimoja. Nikapanda juu ya mawe, nikapanda juu ya banda la mbuzi. Hakuna kitu. Ikabidi niteremke korongoni, nivuke, nipande ng'ambo. Mtandao ulishika vizuri sehemu moja tu, ukutani kwa kanisa la Walutheri, upande wa dirisha la kwaya.

Nikasimama pale. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, hivyo ili nimsikie mchumba wangu nililazimika kuinamisha kichwa, kuziba sikio moja na kufumba macho. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa pia.

Mwinjilisti wao, Eliamini, mtu mpole sana, aliniona. Siku ya kwanza alinisalimia akapita. Siku ya pili akaniletea kiti.

"Kaa ndugu yangu," alisema. "Sisi hatumuulizi mtu amekuja kwa nini."

Ningemwambia nimefuata mtandao angeniondoa? Sijui. Niliona aibu. Nikamshukuru, "Aika mbe," nikakaa.

Ijumaa baba yangu mdogo Julius akaja kibandani kwangu mjini, amevaa koti la sherehe. Julius ndiye mshenga wangu. Akivaa koti lile bila sherehe, ujue kuna msiba au kesi.

"Leonce, umeokoka?"

"Nani kasema?"

"Kijiji kizima. Kila jioni unaonekana ukutani kwa Walutheri, umeinamisha kichwa, umefumba macho, midomo inacheza. Mama Mektrida alikuwa anakata majani kule korongoni. Amekusikia kwa masikio yake ukisema, 'Nisamehe, sitarudia, ni wewe peke yako.'"

"Nilikuwa naongea na Lukresia!"

"Anasema ulikuwa unalia."

"Salio lilikuwa linaisha, baba!"

Julius akakaa juu ya kochi la mteja bila kuuliza.

"Mzee Primus kasema tangazo la tatu halisomwi mpaka ajue mkwe wake anasali upande gani."

Nikamwambia ukweli wote: Given, mlango wa laini, korongo, ukuta. Nikamwambia twende tukamweleze mzee kwamba ni simu tu, nimenunua Upesi kwa bahati mbaya.

"Hilo ndilo baya zaidi," alisema Julius. "Mtu akiokoka anaweza kurudi. Aliyenunua Upesi kwa hela yake mwenyewe, amekusudia. Mzee Primus amesimama kanisani mara ngapi kusema Upesi isikanyage upande huu? Unataka aambiwe mkwe wake ndiye ameileta?"

"Sasa tufanyeje?"

"Tunapeleka isale."

Kwetu isale ni jani la mpakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba. Ukimkosea mtu ukampelekea isale, hawezi kulikataa, na akishalipokea kesi imekufa. Babu zetu walimaliza nalo kesi za damu. Mimi na Julius tukakubaliana kumalizia nalo kesi ya simu.

Lakini Julius hakuishia hapo. Alinituma kwa Given nikanunue ganda la Fahari, lile jekundu lenye jua, nikalibandike juu ya Upesi yangu. Given aliniuzia akicheka. "Kaka, hii sasa imebatizwa upya," alisema.

Jumamosi mchana tukaingia sebuleni kwa Mzee Primus. Julius akaweka isale mezani kwa mikono miwili. Akasema kijana amekosa kwa kuonekana pale asipopaswa kuonekana, amejirudi, na simu yake mpya ni hii hapa, Fahari, ya nyumbani. Nikaiweka simu kando ya jani.

Mzee aliitazama. Akalichukua jani, akalishika kwa muda. Nikaanza kupumua.

"Vizuri," alisema. "Haya, nibipu tuone."

Nikamwangalia Julius. Julius akaangalia dari.

"Sina salio, mzee."

"Hata la kubipu?"

Nikasikia ng'ombe wa mama mkwe akitafuna nje. Ndipo Julius akakohoa, akainua kidole kama mtu anayenukuu Biblia.

"Meku, mzee wangu, mbele ya isale watu hawabipiani."

Nakuapieni, hakuna mahali popote pa mila ya Wachagga palipoandikwa hivyo. Lakini Mzee Primus aliinamisha kichwa.

"Kweli," alisema. "Nimekosea. Yameisha."

Akatuletea mbege. Nilipaswa kufurahi, nikashindwa kuanzia kata ya kwanza. Kudanganyana tunadanganyana, na kesho yake tunasalimiana. Lakini kumdanganya mtu kwa isale ni jambo ambalo hata babu zetu ambao hawakubatizwa hawakulithubutu. Nilijua nimefanya kitu kibaya, na nilikinywea hivyo hivyo.

Jioni nikavuka korongo kwa mara ya mwisho, nimwambie Lukresia kwamba mambo yamekwisha. Kabla sijapiga, yeye akapiga.

"Baba kanipigia anacheka," alisema. "Anasema una simu mpya ya Fahari."

"Ndiyo, mpenzi wangu."

"Leonce, namba niliyokupigia sasa hivi ni ya wapi?"

Kwaya ikanyamaza ndani, nadhani walikuwa wanabadilisha wimbo.

"Umempelekea baba yangu isale lenye uongo ndani yake?"

"Nimefanya kwa ajili yetu, Lukresia."

"Usiniingize mimi. Baba alilipokea kwa moyo, amenihadithia mpaka sauti ikamkatika. Mtu anayeweza kumdanganya mzee kwa isale, tena kwa sababu ya simu, akiniambia ananipenda nitajuaje?"

"Nielewe."

"Kesho nakuja kanisani. Mwambie ukweli kabla jina langu halijasomwa. Usipomwambia, sitaki lisomwe kabisa."

Akakata. Nikabaki nimeshika simu, macho yanawasha. Mama Mektrida angepita wakati ule, safari hii angesema kweli, nilikuwa nalia.

Eliamini akanijia polepole.

"Ndugu Leonce, tumesikia unafunga ndoa. Vijana wetu wa tarumbeta wanauliza, siku yako wakupigie?"

"Wapige," nilisema. Sikumsikia vizuri alichouliza, na wala sikujali. "Wapige tu."

Akanishika bega, akaenda zake akiwa na furaha.

Jumapili niliamka mapema nyumbani kwa mama. Nilipotoka kuoga nikakuta kwenye simu alama kwamba Lukresia alipiga. Nikasema hiyo ni ya jana, nilipokuwa ninavuka korongo. Huku upande wetu Upesi haijashika tangu dunia iumbwe. Nikaitia mfukoni, nikawahi kanisani nimkute Mzee Primus mlangoni.

Nilimkuta, lakini amezungukwa na walei wote.

"Huyu ndiye mkwe!" alisema, akanivuta mkono. "Alipotea kidogo ng'ambo, jana kaniletea isale. Vijana wa siku hizi mnasema hawana mila. Mtazameni huyu!"

Wakanishika mkono mmoja mmoja. Ningesemaje pale? Nikajiambia nitamwambia baada ya misa. Nikajua wakati huo huo kwamba baada ya misa tangazo litakuwa limeshasomwa.

Lukresia alikuwa upande wa akina mama, kitambaa cheupe kichwani. Alinitazama mara moja tu, akauliza kwa macho. Nikaangalia viatu vyangu.

Baada ya komunyo padri akafungua matangazo. Akasoma la zamu ya usafi, akasoma la mbuzi aliyeokotwa. Kisha akavuta pumzi.

"Tangazo la ndoa, kwa mara ya tatu na ya mwisho. Leonce, wa kigango cha hapa hapa, anatarajia kufunga ndoa na..."

Hapo ndipo sauti ikaingia kupitia madirishani. Sijui kama nimewaambia kwamba Walutheri wana vipaza sauti vikubwa viwili juu ya mnara wa kengele. Mawimbi ya simu yanashindwa na lile korongo, ila vile vipaza sauti havijawahi kushindwa.

"Bwana asifiwe! Matangazo ya usharika! Tunamshukuru Mungu kwa ndugu yetu Leonce kutoka ng'ambo, ambaye amekuwa nasi hapa kila jioni. Siku ya ndoa yake na mwalimu Lukresia, kikundi chetu cha tarumbeta kitapiga. Mwenyewe ameshakubali. Kamati ikutane baada ya ibada!"

Na tarumbeta moja, ya kujaribu, ikalia.

Kanisa zima likageuka. Mtoto mmoja akapiga makofi, mama yake akamfinya. Padri akaiweka karatasi ya matangazo chini.

"Leonce," alisema taratibu. "Una la kusema?"

Mzee Primus alishasimama. "Padri, huyo amesharudi! Ana Fahari, nimeiona mimi mwenyewe! Waambie, Leonce. Waonyeshe!"

Nikasimama. Nikaitoa simu yenye lile ganda jekundu la jua, nikaiinua watu wote waione. Nilitaka kusema kweli, Mungu ananijua. Lakini watu walikuwa wengi, na mzee alikuwa ananitazama kwa matumaini.

"Ni kweli," nikasema. "Simu yangu ni Fahari. Hayo ya ng'ambo siyajui."

Kule upande wa akina mama, Lukresia akainuka. Akatoa simu mkobani, akabonyeza.

Mimi nikatulia. Chini ya mnara wa Fahari, Upesi ni jiwe tu. Hata angepiga mpaka Krismasi.

Simu yangu ikaita.

Ikaita mkononi mwangu, juu, mbele ya altare, kwa ule wimbo wa tangazo la Upesi ambao kila mtoto anaujua. Mbele yangu bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Watu wote wakanitazama mimi, isipokuwa mtu mmoja.

Mzee Primus hakunitazama. Alitazama dirishani, juu, kwenye mnara wa parokia, kwenye zile ngoma nyeupe. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni.

Ndipo nikaelewa. Wale mafundi hawakupaka rangi. Upesi ilikuwa imeshavuka korongo, imepanda mnara wetu, na aliyeifungulia geti ndiye aliyekuwa akiilaani kanisani kila mwezi. Walei walikuwa hawajui. Padri, kwa jinsi alivyokunja uso, naye alikuwa hajui.

"Pokea," padri akaniambia.

Nikapokea. Sauti ya Lukresia ikaja mara mbili, sikioni na kutoka kwenye benchi lake.

"Leonce, asubuhi nimekubipu nikipita nje kwa mama yako, nikaisikia ikiita ndani. Nikajua hujavuka korongo. Nikasema nitakungoja useme mwenyewe, hukusema. Sasa nakuuliza mara moja, mbele ya baba yangu. Hiyo simu ni ya mtandao gani?"

Mzee Primus akageuka polepole. Macho yake sasa yalikuwa yananiomba, kama mimi nilivyomwomba jana kwa jani. Nikisema Upesi, swali la pili la kila mtu litakuwa imeshikaje hapa, na mzee amekwisha, siku hiyo hiyo, mbele ya watu aliowaongoza tangu nikiwa mtoto. Nikisema Fahari, Lukresia atakaa chini, na jina lake halitasomwa pamoja na langu tena.

Padri alikuwa anangoja. Ng'ambo wakaanza kupuliza tarumbeta zote kwa pamoja.

Nikavuta pumzi, nikafungua kinywa.